Kombe la Skola Halichezwi kwa Dakika Moja

Skola, mdogo wangu,

Hali sikuulizi. Unanijua, sipendi kuuliza swali ambalo jibu lake halitanifikia. Naandika kwa sababu nina malalamiko, na mtu niliyezoea kumlalamikia ni wewe. Wateja nikiwalalamikia wanahamia saluni ya kule juu. Mume wangu nikimlalamikia anaongeza sauti ya redio. Wewe ulikuwa unaendelea kusuka, unasema "ehee," "ehee," mpaka nimalize, halafu unaniuliza kama nimekula.

Basi sikiliza. Vijana wa bodaboda wa hapa nje wameanzisha kombe la lile gemu letu la ngumi, na wamelipa jina lako. Waliliandika kwa chaki kwenye ubao wao, ule walioupigilia kwenye ukuta wangu bila kuniomba ruhusa: KOMBE LA SKOLA. Nilisimama mlangoni na kitana mkononi nikasoma, moyo ukawa mwepesi kidogo, nikasema kumbe hawa watu wana utu. Kisha nikashuka mstari wa pili. Mstari wa pili ulisema: mmoja kwa mmoja, dakika moja.

Dakika moja, Skola. Wamekuwekea kombe kwa mchezo ambao hukuwahi kumshinda mtu.

Na pembeni ya tangazo, orodha ya wapiganaji ilikuwa vilevile ulivyoiacha. Juu kabisa Kisigino, peke yake kama mkuu wa wilaya. Chini yake daraja la pili, kisha la tatu. Na chini ya wote, kwenye kile chumba walichokiita Mzigo, ameandikwa Mukechuru. Mpiganaji wako. Yaani jina lako juu, mpiganaji wako chini, ukuta mmoja, chaki moja. Damu ilinichemka. Mteja aliyekuwa kwenye kiti akaniuliza kuna nini huko nje, nikamwambia kuna watu hawajui hesabu.

Nitayasema hata yale unayoyajua, maana nikiyasema najiona bado tumekaa wote kwenye lile benchi.

Gemu lililetwa na mteja aliyetoka Dar na simu ya kupangusa, moja ya simu za namna hiyo za kwanza kuingia saluni kwetu. Akaturushia kwa bluetooth. Maandishi yake yote yalikuwa ya Kichina, tulijua kitu kwa kubonyeza tu, na kwa kuwa hakuna aliyeweza kusoma majina ya wapiganaji tuliwabatiza wenyewe. Kijana mwembamba mwenye suruali ya njano, anayepiga mateke kama mtu aliyekanyaga siafu, akawa Kisigino. Yule mama mnene mwenye kilemba na aproni, anayetembea kama ana ndoo ya maji kichwani, hakuna aliyemtaka. Wewe ulimtazama ukasema, "Huyu ni mama yangu akitoka shamba." Ukamwita Mukechuru, yaani mama mtu mzima kwa lugha ya kwenu, na tangu siku hiyo hukuchagua mwingine.

Nje walicheza kwa namna yao. Mtu wa bodaboda anacheza huku sikio liko barabarani. Abiria akitokea, mchezo umekufa. Kwa hiyo wao walichukua ule wa mmoja kwa mmoja wenye saa ya sekunde sitini. Saa ikiisha, aliyemtoa mwenzake damu nyingi, yaani ule uhai unaohesabiwa juu ya kioo, ndiye mshindi. Huko Kisigino hana mpinzani. Ndani kwetu ilikuwa habari nyingine. Mteja wa rasta ndogondogo anakaa asubuhi, anainuka alasiri. Huyo sekunde sitini atazipeleka wapi? Ndani tulicheza watatu kwa watatu, bila saa. Mpiganaji anayeshinda anabaki uwanjani na damu aliyobakiwa nayo, na wakati anamsubiri mpinzani mwingine aingie anapumua, damu inapanda kidogo. Hivyo hivyo mpaka upande mmoja uishe wote.

Mimi kitu nisipokipigia hesabu sikiamini. Kwa hiyo niliipiga, unakumbuka, kwa kikokotoo cha dukani, na wewe ukanisikiliza kwa heshima tu. Kisigino ana damu mia nane, Mukechuru elfu moja na mia mbili. Mukechuru akikaa kwenye kinga, Kisigino anamtoa sitini kila sekunde kumi, naye humohumo kwenye kinga anajirudishia ishirini. Hasara halisi arobaini. Yeye kwa sekunde kumi anarusha pigo moja tu, la thelathini. Dakika ikiisha amepoteza mia mbili na arobaini, amemtoa mwenzake mia na themanini. Kashindwa, mwandikeni kwenye Mzigo. Haya, sasa ondoa saa. Kabla dakika ya tano haijatimia Kisigino amelala chini, na mama wa watu bado amesimama na mia na ishirini zake, anafuta mikono kwenye aproni. Wapiganaji walewale, mapigo yaleyale, na aliyekuwa wa mwisho amekuwa wa kwanza kwa sababu mtu ameficha saa.

Wewe ulisema, "Ehee." Hukuhitaji hesabu.

Sababu yako ya kumpenda ilikuwa nyingine, na mimi nilichelewa kuiona. Mikono yako ilikuwa kwenye nywele. Simu ilikuwa mikononi mwa mteja, wewe ulicheza kwa mdomo. Ulikuwa nyuma ya kiti, unatazama kwa juu ya kichwa unachokisuka, unasema taratibu: "Shika kinga. Bado. Bado. Reka aze." Mwache aje. "Haya, sasa." Mteja anabonyeza, Mukechuru anashusha mkono mmoja, mtu anaanguka. Kisigino huwezi kumcheza kwa mdomo. Kabla neno halijatoka, pigo limeshapita. Mukechuru anakupa muda wa kusema na anampa mwenzako muda wa kuelewa. Wamama walioingia hapa hawajui hata kufungua meseji waliondoka wamewaangusha watu watatu, na nywele zimeisha.

Jioni kazi ikipungua ulikuwa unatoka nje, unakaa kwenye siti ya pikipiki ya mtu, unacheza nao mchezo wao, na Mukechuru yuleyule. Walikupiga wote. Nilikuwa nakuambia chukua mwingine kwa ajili ya nje, nje ni soko jingine. Ukakataa. Jafari, mwenyekiti wa kijiwe chao, alikuita Benki ya Kijiwe, kwamba mtu akiishiwa ushindi anakuja kutoa kwako. Ulicheka kuliko wao. Niliyekasirika ni mimi, na hasira ile sijaimaliza mpaka leo.

Kisha ukaugua.

Uliweka kitana chini katikati ya kichwa cha Mwalimu Generoza. Upande wa kushoto umemaliza, wa kulia bado. Ulisema kichwa kinagonga, unapumzika kidogo nyuma ya pazia. Kumbe malaria ilikuwa imeshakupanda. Hospitali ya Kabanga walifanya walichoweza, niliwaona kwa macho yangu, sina wa kumlaumu. Na hilo nalo linaniudhi, Skola, maana ningepata wa kumlaumu ningepumua.

Nilisukwa mtindo wa twende kilioni, nikaja Kibondo kukuzika, na aliyenisuka hakuwa wewe. Alinikaza mpaka macho yakavutika. Njia nzima nilikuwa nawaza ningekuja kukusimulia jinsi nilivyosukwa vibaya.

Mwalimu Generoza alirudi baada ya mazishi, nikamsuka upande wa kulia. Mkono wangu si mkono wako. Mimi nakaza, wewe ulikuwa unalaza. Akatembea na kichwa cha mikono miwili, darasani, sokoni, kanisani, na watu wa heshima wakajifanya hawaoni. Muda wa kufumua ulipofika alifumua upande wangu peke yake, akaja nimsuke upya, upande wako akaufunika kwa kitambaa. Nikamwambia Mwalimu, hizo nywele zitakatika. Akasema, "Najua. Niachie wiki hii." Wiki hiyo ilizaa nyingine.

Habari za hapa ni hizi. Kiti chako anakaa Adela, binti wa Munanila, mkono mzuri, ila hasemi kitu mpaka umkanyage. Umeme ni uleule wa kuja na kwenda. Mwaka huu watu wameanza tena kuvuka kutoka Burundi, barabara ya kambini haikauki magari, na wapo wamama wanaofika mpaka mjini kutafuta hiki na kile. Wakipita mlangoni wanaongea, na mimi nageuka kukuita uje unifasirie. Nimegeuka hivyo mara nyingi, na Adela kila mara anajifanya anatafuta kibanio.

Na mama yako ametuma salamu. Mwaka umetimia, siku ya kuganduka imepangwa, msiba ufungwe na watu wa nyumbani waruhusiwe kurudi kwenye maisha yao. Amesema siku hiyo watu wa Kasulu watoe mmoja wa kusimama na kusema wewe ulikuwa nani huku. Amesema awe mimi.

Sasa nifikirie. Nisimame mbele ya ukoo wenu niseme Kasulu wamemwekea binti yenu kombe, watu wapige makofi, kisha mmoja wa hawa vijana, maana watakuja, aropoke kwa nia njema kabisa kwamba kwa mchezo wa kombe hilo binti yenu alikuwa wa mwisho mji mzima? Mama yako akae na hilo? Hapo ndipo nilipoweka kitana chini nikavuka nje.

Niliwakuta juu ya pikipiki zao. Nikawaambia kombe lichezwe watatu kwa watatu bila saa, la sivyo jina la Skola lifutwe kwenye ukuta wangu. Walicheka. Mmoja akasema gemu langu ni la kusubiri maharage yaive. Mwingine akasema sisi wa saluni tunapenda mchezo usioisha, kama vikao vyetu vya kikoba. Niliwajibu kwamba kikoba ndicho kilichonunua lile jenereta wanalochajia simu zao, wakapoa kidogo.

Jafari hakucheka. Alishuka kwenye pikipiki, jambo ambalo huwa halifanyi bila nauli.

"Mama Saluni," alisema, "Skola hatumdharau. Lakini mchezo mrefu ukinikuta nao hapa, abiria wangu anapanda ya mwenzangu."

Alikuwa na hoja, na mimi hoja ya mteja siwezi kuikanyaga. Nilianza na beseni moja na kigoda kwenye baraza la watu, hakuna aliyenishika mkono. Najua mteja akigeuza shingo huwa anageukia wapi. Nikamwambia basi twende polepole. Nikachukua chaki yao nikawapigia ile hesabu juu ya siti ya pikipiki, mia nane kwa elfu moja na mia mbili, na ishirini za kujirudishia. Waliinama wote kutazama nilipofika pa kuondoa saa. Yona, yule mwenye pikipiki nyekundu, akasema kumbe Kisigino si mkali, anabebwa na saa. Mwenzake akamwambia hata wewe unabebwa na barabara ya lami, kule Munanila hatukuoni. Wakaanza kugombana wao kwa wao. Nikajua nimeshafika mahali.

Suluhu ilitoka kwa Jafari. Alisema iwe watatu kwa watatu bila saa kama ninavyotaka, lakini kila upande uwe pia na watu watatu na simu moja. Abiria akitokea, aliyeshika simu anaikabidhi kwa mwenzake palepale, ngumi zikiendelea, na anaondoka na abiria wake. Ndani vilevile: mteja akiita, unakabidhi, unakwenda. Simu haisimamishwi kwa ajili ya mtu. Nilikubali haraka, maana niliona nimepata nilichotaka.

Sheria hiyo ilifanya kitu ambacho mimi na kikokotoo changu hatukukiona. Mtu akikabidhiwa simu katikati ya ngumi, mwanzoni ni kipofu. Kidole hakijakaa, macho hayajajua nani ni nani. Kisigino akiingia kwenye mikono mipya anapigwa kabla hajatambulika, zile mia nane zake hazina subira. Mukechuru anavumilia. Anashika kinga, anajirudishia ishirini zake, anakungoja wewe mchezaji ujipate. Siku za mazoezi kijiwe kizima kikawa kinamtaka yeye. Watu waliokuwa wanamwita mzigo wakawa wanaulizana anapumua wapi, pigo lake linashuka lini, kwa nini asirudi nyuma. Hakuna aliyewahubiria. Walibadilishiwa mchezo, macho yakabadilika yenyewe.

Nilifurahi na nikaudhika. Nilitaka mmoja, mmoja tu, aseme "tulikosea." Hakuna. Kila niliyemuuliza alidai yeye alijua tangu zamani kwamba yule mama ana kitu.

Kombe lenyewe lilichezwa Jumapili alasiri, hapa hapa mlangoni, benchi likiwa nje na jogoo wa mshindi amefungwa kwenye mguu wa benchi, anamparura kila anayekaa. Timu ya stendi ilitolewa mapema, na ya vijana wa sokoni ikafuata. Ikabaki saluni na kijiwe. Kwetu nilikuwa mimi, Mwalimu Generoza na Adela. Kwao Jafari, Yona na mwenzao mmoja mwenye miwani.

Sitakusimulia ngumi zote. Mwalimu aliitwa na mtoto wa dada yake akanikabidhi simu, yule mwenye miwani alipata abiria wa Murusi, watu walikuwa wanapokezana simu kama sinia la harusi. Mwisho kila upande ulibaki na mpiganaji mmoja, na pande zote mbili alikuwa Mukechuru. Mama kwa mama. Watu wakasogea mpaka nikakosa hewa. Wangu alikuwa na damu mia sita, wa kwao mia nne. Simu yetu nimeshika mimi, ya kwao kashika Jafari. Tulikuwa tumekaa kwenye kinga wote wawili, tunaviziana, na mtu nyuma akasema amkeni wamama, mtalala na watoto hawajala.

Hapo akafika mwanamke mwenye mtoto mgongoni, mtoto amelegea, anataka awahishwe Kabanga. Jafari hakutazama hata kiasi cha damu. Akaiweka simu mikononi mwa Yona, akavaa kofia, akawasha pikipiki.

Nikaona nafasi yangu. Mikono mipya, kipofu kwa muda, mia sita kwa mia nne. Ungeipiga hesabu hiyo mara kumi ingekupa jibu lilelile. Nikaachia kinga nikaingia na kila nilichonacho.

Jafari alikuwa anamsaidia yule mama kukaa vizuri, anamfungia kanga isiingie kwenye gurudumu. Hakugeuka. Alisema tu, kwa sauti ya kawaida, huku mikono yake iko kwenye kanga:

"Yona. Kinga. Bado. Bado. Reka aze. Haya."

Yona akabonyeza. Pikipiki ikaondoka, vumbi likatupita usoni, na Jafari hakujua hata kimetokea nini. Pigo la Mukechuru kwa mtu aliyeacha kinga linatoa damu mara mbili, hilo wewe ulinifundisha. La kwanza liliingia. Nikataka kulipiza badala ya kurudi kwenye kinga, la pili likaingia. Yona akawa anasema mwenyewe kwa midomo, bado, bado, na mimi nilikuwa namsikia na bado nikaenda, tena na tena. Mia sita zangu ziliishia mikononi mwangu.

Nikakaa. Kulikuwa na kelele, jogoo naye alikuwa anapiga zake. Adela, yule asiyesema, alisimama akasema kumsemesha mchezaji kutoka kwenye pikipiki si halali, irudiwe. Mwalimu Generoza alikuwa anacheka na kufuta macho. Mimi sikutaka irudiwe. Nilikuwa nimegombana na mji mzima ili yule mama apewe mchezo wake, wakampa, wakajifunza kumcheza, na wa kwanza kuangushwa naye nikawa mimi. Kama si kwa mchezo huo nilioudai mwenyewe, jogoo angekuwa wangu. Nilikaa pale na ushahidi wangu wote, sina hata wa kumbishia.

Jafari aliporudi, nilimuuliza kwanza habari za mtoto. Alisema amepokelewa, ameanza kulia kwa nguvu, kwa hiyo yuko sawa. Ndipo alipouliza nani kashinda. Walipomwambia hakushangilia. Alikuja akasimama karibu na kiti changu, akiwa bado na kofia kichwani.

Nikamuuliza alijifunza wapi kucheza kwa mdomo. Akasema dirisha langu halina kioo, na asubuhi abiria ni wachache.

Kisha akaniambia jambo, Skola, na hili ndilo lililonifanya nikae niandike. Alisema kuna siku, mjini kumetulia, alijiunga na simu ya mteja wako kwa bluetooth akiwa hapo nje chini ya dirisha, watatu kwa watatu, bila wewe kujua ni nani. Ulikuwa unasuka. Hukushika simu hata mara moja. Ulimmalizia wapiganaji wote watatu kwa mdomo, na Mukechuru wako peke yake, wengine wawili hawakuingia hata uwanjani. Alipoingia ndani kukuonyesha simu yake, amevuja jasho, alikuomba usimwambie mtu. Ukasema, "Ehee." Na jioni hiyohiyo ukatoka, ukakaa kwenye siti ya pikipiki yake, ukapigwa mbele ya kijiwe kizima, ukacheka.

"Tulikuwa tunampiga hapa nje," alisema, "kwa sababu ndani hatukumuweza."

Hukuniambia. Mimi nilikuwa nagombana kwa ajili yako, nakosa raha kwa ajili yako, naambiwa nina mdomo kwa ajili yako, na wewe umekaa na ushindi wako kimya kwa sababu mtu mmoja wa bodaboda alikuomba. Nilikasirika siku mbili. Siku ya tatu nikawa natabasamu nikiosha mataulo, Adela akaniuliza kama naumwa.

Kuhusu ubao. Jafari alifuta neno Mzigo palepale, akanyanyua chaki amwandike Mukechuru juu ya Kisigino, juu ya kila mtu. Nikamzuia mkono. Alishangaa, alidhani ananilipa. Nikamwambia ukimweka juu ya wote leo utakuwa umeandika uongo mwingine, kwa dakika moja Kisigino bado anampiga, chukua simu ujaribu. Basi tukaugawa ubao kwa mistari: dakika moja hapa, watatu bila saa hapa, wa kukabidhiana pale. Kila mpiganaji ameandikwa upya chini ya kila mchezo. Kwenye ule wa kukabidhiana Kisigino ameshuka mpaka karibu na sakafu, na kuna Bubu, yule ambaye hatukuwahi kumgusa mimi na wewe, ameibuka wa pili. Yona alitazama mistari ile yote akachoka. Akauliza, sasa nani mkali kuliko wote?

Jafari akamwambia, "Unacheza nini?"

Jogoo walimchinja wenyewe, wakatuletea paja ndani. Nimelila kwa hasira na lilikuwa tamu.

Kwa hiyo wiki ijayo nakuja Kibondo, na Jafari na Yona wanakuja na pikipiki zao, na Mwalimu ameomba ruhusa shuleni. Nitafika siku moja kabla, nimsuke mama yako kabla wageni hawajajaa uani, maana najua hajakaa kwenye kiti cha msusi mwaka mzima. Nitakuja na soda. Pombe ya ndizi watapika wenyewe. Na nikisimama mbele ya ukoo wenu sitakupandisha juu ya watu. Nilikuwa nimejiandaa kufanya hivyo, nilikuwa na maneno makubwa kabisa, nimeyaacha. Nitasema huku Kasulu kuna mahali ulikuwa unashindwa kila jioni na mahali ambapo hakuna aliyekuweza, kwamba palikuwa na hatua chache tu kutoka hapa hadi pale, na kwamba ulikuwa unavuka kwenda na kurudi bila kubadilika uso. Kijana akiropoka kwamba ulikuwa wa mwisho, nitamwacha amalize, kisha nitamwambia Jafari asimame aseme lake.

Nakuahidi mambo mawili na yote nimeshaanza kuyatimiza. Kombe lako litachezwa kila mwaka kwa kukabidhiana, na anayetaka dakika moja akatafute ukuta mwingine. Na mimi nitajifunza kukaa kwenye kinga. Hilo la pili litachukua muda, unanijua.

Nimekula, kama ulikuwa unataka kuuliza.

Pumzika, mdogo wangu. Huku tunaendelea.

Dada yako,
Mwajuma